Mtani Ndani ya Mtaro

Juzi vijana walikuja kuchimba mbele ya nyumba yangu hapa Isikizya. Bomba lilikuwa linavuja chini kwa chini na ua mzima umelowa. Nilikuwa nimesimama barazani na kikombe cha chai, sina habari nao, mpaka sururu ilipopita udongo wa juu mkavu ikafika kwenye ule wa chini, mwekundu, wenye ubaridi. Harufu yake ikanijia puani. Nikacheka peke yangu mpaka chai ikamwagikia kanga. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, wewe chimba baba. Ningeanzia wapi kumweleza? Lakini ninyi wa rika langu, mliokua mkijitwika maji kabla ya kengele ya shule, nadhani mtanielewa.

Nilikulia kwa Bibi, mama yake baba, Tabora mjini. Wazazi wangu walikuwa Goweko wanalima tumbaku, wakanileta kwake nisome. Sikulalamika hata kidogo. Kwa Bibi kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, kulikuwa na asali kwenye kibuyu, kulikuwa na kitanda kikubwa tulicholala wawili na yeye akanisimulia mambo mpaka nikapitiwa na usingizi. Kulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Bomba lilikuwepo, la chuma, Babu alilitandaza kwa mikono yake akiwa bado anafanya kazi reli. Babu akafa, bomba likabaki huko chini likiliwa na kutu, mwisho likatoboka mahali asipopajua mtu. Maji yakifunguliwa mtaani, koki yetu ilikohoa, ikatema vitone vya rangi ya chai, halafu basi. Yaliyobaki yaliishia njiani, chini ya banda la jirani wa upande wa barabarani, ambaye alijenga juu ya njia ya bomba bila kujua. Ukuta wa banda lile ulikuwa umelowa kiangazi na masika, na sisi tuko kwenye foleni ya bomba la mtaa, Bibi na ndoo yake, mimi na kidumu changu.

Upande wa pili wa ua, ng'ambo ya uzio wa minyaa, alikaa Mama Nyemo. Alikuwa mjane wa rika la Bibi, Mgogo wa Dodoma, aliyeletwa Tabora na mume wake mfanyakazi wa reli. Mume alifia hapa hapa, naye hakuhama. Mnajua habari za Wanyamwezi na Wagogo. Babu zetu walipokuwa wanapita na mizigo kwenda pwani, walipofika Ugogo ilibidi walipe hongo ndipo waruhusiwe kupita na kunywa maji. Walipigana, wakalipana, wakazikana, na vizazi vilivyofuata vikarithi utani. Mtani wako anakutukana mbele za watu, anachukua kitu chako akakitia kwapani, na huna ruhusa ya kununa. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilikuwa mtoto wa madarasa ya chini na nilichojua ni kwamba kila asubuhi yule mama alisimama kwenye minyaa kumtukana Bibi yangu.

"Mbukwenyi," anasalimia kwa Kigogo chake.

"Kumbe umeamka?" Bibi anamjibu. "Nilidhani Mungu ametuhurumia."

"Na michembe yako angekula nani? Jitwike ndoo huko, mpagazi we. Ndiyo kazi ya ukoo wenu."

"Na wewe lete bakuli lako, tujue leo umekuja kuomba nini."

Mama Nyemo kweli analeta bakuli, anakaa jikoni kwetu, anakula na kukashifu chakula mpaka kinaisha. Nilimchukia kwa niaba ya Bibi. Nilikuwa nikimwamkia "shikamoo" nikiangalia miguu yangu, naye anaitikia "marahaba, mjukuu wa mpagazi," akinifinya shavu. Nilidhani Bibi anamvumilia kwa sababu ya dini.

Basi mwaka ule baba mkubwa, kaka yake baba, akaja likizo kutoka Dar es Salaam. Yohana ndilo jina lake. Mzaliwa wa kwanza wa Bibi, mtu wa miwani na mashati ya kupiga pasi, mpole, ila akishaamua jambo ameamua. Siku aliyofika ndiyo siku ambayo Bibi aliteleza na ndoo langoni. Maji yalimwagika yote na kifundo cha mguu kikavimba mpaka ndara ikakataa kuingia. Baba mkubwa alimbeba mgongoni mpaka ndani. Mimi nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo nyuma ya pazia, nikasikia anasema, "Mama, nikikuacha hapa katika hali hii, safari ijayo nitakuja kukuzika."

Hapo hapo Bibi akaniita nikanunue chumvi dukani. Yaliyofuata sikuyasikia, nilikuja kuambiwa ukubwani. Baba mkubwa alitaka kumchukua Bibi moja kwa moja Dar, nyumba ipangishwe. Bibi akamwambia, "Mimi sina ugomvi na nyumba yangu. Kinachonishinda ni maji. Niletee maji uani, halafu nenda kwa amani." Wakakubaliana: maji yakitoka kabla likizo haijaisha, Bibi anabaki. Yasipotoka, anaondoka naye. Baba mkubwa hakuwa na imani na mafundi, akaenda stesheni akakata tiketi mbili za treni kabisa.

Mimi nilirudi na chumvi na lile neno moja kichwani, kuzika.

Kesho yake asubuhi nikaenda shule. Niliporudi mchana nikakuta ua umechimbwa. Fundi Masanja na vijana wake walikuwa wamevua mashati, mtaro umeanzia karibu na jiko, umepita kwenye minyaa iliyokatwa pengo, unaelekea kwa Mama Nyemo. Harufu ya udongo wa chini ilikuwa imejaa kila mahali, na mimi harufu hiyo nilikuwa nimeshaisikia sehemu moja tu. Ilikuwa Goweko, kiangazi kilichopita, tulipomzika mdogo wake Babu.

Niliambiwa ni bomba. Lile la zamani halifukuliki bila kuvunja banda la watu, kwa hiyo linatandazwa jipya la plastiki, na bomba kubwa lililo karibu ni lile linalopita nyuma ya kwa Mama Nyemo. Bibi mwenyewe ndiye aliyenieleza, amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa kitambaa. Sikuamini. Ninyi mnajua watu wazima wa kwetu, habari ya kifo hawampi mtoto. Goweko nako walinituma kuni wakati wanachimba. Nikautazama mtaro vizuri. Nikajiuliza mbona ni mrefu hivi. Nikajijibu kwamba Bibi naye alikuwa mrefu.

Hofu yenyewe ilinishika Mama Nyemo alipotokea. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, akautazama mtaro uliokuwa umeshaingia uani kwake, akashika kiuno. "Bomba la Mnyamwezi lipite kwangu bure? Babu zao walilipa hongo, nalo litalipa. Nimesema nataka jogoo, jogoo yuko wapi?" Akaingia mtaroni, mtu mzima na mvi zake, akajilaza ubavu, akaanza kuomboleza kwa wimbo. "Leo wanamfukia Mnyamwezi wangu, jamani. Sitoki humu. Nileteeni jogoo wangu ndipo mfukie."

Goweko watani walifanya hivyo hivyo. Mzee mzima aliruka kaburini, akalala chali, akasema maiti haingii mpaka apewe chake, na jeneza likabaki pale juu ya mikeka watu wakimbembeleza. Walipompa kuku akatoka, ndipo wakazika. Fundi Masanja alikuwa anacheka, vijana wanacheka, baba mkubwa anacheka mpaka kavua miwani, na Bibi kwenye kigoda anajishika mbavu. Kicheko chao hakikunipa moyo. Goweko nako walicheka.

"Mpeni jogoo wake atoke," Bibi akasema. "Kazi inachelewa."

Sasa nisikilizeni hesabu ya mtoto. Mtani akipata kuku anatoka. Akitoka, wanazika. Asipopata, hatoki, na mtu hazikwi juu ya mtu mwingine. Adui wa Bibi yangu ndiye angemwokoa, bila hata kujua, alimradi tu jogoo asionekane. Nilijiona nina akili kupita ukoo wote. Jogoo alikuwa amefungwa miguu jikoni, mwekundu, mkali, tulimwita Dereva kwa kelele zake. Nikamfungua kamba, nikamkumbatia, akanipiga kifuani kwa mabawa, nikakimbia naye hadi bafuni, lile bafu la mabati nyuma ya nyumba. Nikamfunika na karai. Nikakaa juu ya karai.

Walimtafuta, jamani. Nilisikia vijana wakipekua kuni, wakichungulia chini ya kitanda cha Bibi. Nilisikia Mama Nyemo kule mtaroni, amenogewa na mchezo, anaimba ubeti baada ya ubeti. Baadaye nikasikia fundi Masanja amebadilika sauti.

"Mzee Yohana, watu wa maji wanakuja mchana huu kutuunganisha na bomba kubwa. Wakikuta hatujatandaza, wanageuza, mpaka wiki nyingine."

"Wiki nyingine mimi sipo," baba mkubwa akasema. "Nami naondoka na mama."

"Mama Nyemo, toka basi, jogoo wako utapewa."

"Nitapewa lini? Nawajua Wanyamwezi. Walipe kwanza."

Kwa hiyo mjue: yule aliyekuwa amekalia karai ndiye aliyekuwa anampeleka Bibi yake Dar kwa mikono yake mwenyewe. Mimi sina habari. Nimekaa nimetulia, moyo umejaa furaha, namsikia Dereva chini yangu anaparua sakafu. Aliparua akachoka kuparua, akaanza kupiga kelele, na mabati ya bafu yakazizidisha. Mlango ukafunguliwa. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Milembe. Umekalia nini?"

"Karai."

Akaninyanyua kwa kwapa. Karai likapinduka, Dereva akatoka ameshapandwa na wazimu, akapita katikati ya miguu ya baba mkubwa, akaruka minyaa, akaingia barabarani na hatukumwona tena. Mpaka leo sijui alimnufaisha nani.

"Kwa nini umefanya hivi?"

Nililia kilio cha kukauka sauti. Nikasema sitaki Bibi azikwe. Nikasema Mama Nyemo asipewe kuku, abaki mle mle, mimi nitampelekea chakula.

"Nani kakwambia Bibi anazikwa?"

"Wewe," nikamwambia. "Ulisema utakuja kumzika. Halafu wakaja na sururu."

Baba mkubwa alinishika mkono akanipeleka uani, akawaeleza wote maneno yangu kama nilivyoyasema, hakuacha hata lake mwenyewe. Halafu akakaa juu ya lile tuta la udongo na suruali yake ya pasi. Bibi alianza kwa kucheka, akamalizia anafuta machozi, akanivuta nikae miguuni pake. "Mimi nipo, mama yangu," akaniambia. "Nipo hapa. Nishike." Nikamshika. Nilimshika kwa nguvu mpaka fundi akageuza uso.

Mama Nyemo ndiye hakucheka. Alikuwa ameketi mtaroni, vumbi limemjaa kichwani, ananitazama. Akaniambia, "Njoo huku chini." Nikashuka, mtaro ukanifika kiunoni. "Pima kwa mikono. Umeona ulivyo mwembamba? Mimi nimeingia ubavu ubavu. Haya, nambie, Bibi yako na makalio yale, ataenea humu?"

Nikamtazama Bibi pale kwenye kigoda. Nikautazama mtaro. Nikasema, "Hataenea."

"Ataenea wapi," akasema Mama Nyemo, na ua mzima ukaangua kicheko, mimi nikiwemo, kamasi na machozi yakiwa usoni. Akatoka bila kulipwa chochote. Akasema deni la jogoo liko pale pale, ila kazi iendelee.

Mchana ule ni katika michana mizuri niliyopata kuishi. Fundi Masanja alinikabidhi chekecheke na mchanga, akanifundisha kwamba bomba la plastiki halilazwi juu ya mawe, linatandikiwa kwanza, likifunikwa linafunikwa na udongo laini, yale mabonge ya juu yanaingia mwisho. Nikatandika. Vijana waliviringua roli la bomba jeusi lenye kunuka jua, likawa linajikunja kurudi walikolitoa, tukalikalia mimi na Mama Nyemo ili litulie. Watu wa maji wakaja, wakaunganisha upande wao, wakafungulia. Fundi akapita anagusa kila kiungio kwa kidole kuona kama kina unyevu kabla hatujafukia. Kwenye koki yetu upepo ulitoka kwanza, ukapiga mluzi, yakafuata maji ya vumbi, yakawa meupe kama maziwa, halafu yakatakata. Bibi aliletwa na kigoda chake. Aliweka mkono chini ya koki akauacha hapo muda mrefu, maji yanamwagika kwenye kanga na hakuna aliyemwambia afunge.

Jioni tulikula barazani, jua halijazama, wote pamoja na Mama Nyemo. Baba mkubwa aliweka tiketi mbili mezani. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, maji yametoka na nashukuru. Lakini hizi nimeshakata, na mguu bado una uvimbe. Twende ukae kwangu hata miezi michache. Moyo wangu utatulia."

Nilimtazama Bibi nikingoja amjibu. Bibi yangu huyu, aliyemjibu mwenyekiti wa mtaa, aliyemjibu padri, alikuwa anaviringisha upindo wa kanga kwenye kidole. Kumkatalia mzaliwa wake wa kwanza, aliyembeba mgongoni, hakuweza. Na kila mmoja pale alijua miezi michache maana yake nini kwa mtu wa umri ule. "Kama umeshakata, mwanangu," akaanza.

Mkono wa Mama Nyemo ukapita mbele yangu. Ukaokota tiketi moja, ukaikunja, ukaitia kifuani ndani ya sidiria.

"Hongo yangu hii," akasema, akaendelea kumenya muhogo. "Jogoo kakimbia, nimekosa. Treni hiyo si inapita Dodoma? Nami nakwenda kwetu kusalimia ndugu zangu."

"Mama Nyemo," baba mkubwa akasema, "hiyo ni ya mama."

"Ilikuwa. Wewe Mnyamwezi wewe, umeanza lini kumnyang'anya mtani kitu kilichoko kifuani?"

Baba mkubwa akamtazama mama yake. Sijui aliona nini usoni pake, maana Bibi alikuwa ameinamia sahani, lakini aliona. Aliangalia ile meza yetu iliyojaa maganda ya muhogo, akavuta pumzi, akasema, "Haya mama. Mtani kashachukua." Bibi akanyanyua uso akasema asante, na hakuwa anamwambia yeye peke yake. Mimi furaha yangu ilikuwa mara mbili. Bibi anabaki, na yule mama mwenye matusi anaondoka.

Baba mkubwa alisafiri. Asubuhi iliyofuata niliamka, nikachukua kidumu kwa mazoea, nikakumbuka siendi popote, nikatoka uani. Mama Nyemo alikuwa ameinama kwenye koki yetu anajaza ndoo.

Nikamwamkia. Nikamuuliza, "Hukwenda Dodoma?"

"Niende Dodoma kwa nani?"

"Kwa ndugu zako. Ulisema."

"Walikwisha, mama. Wa mwisho alikuwa dada yangu." Akaigeuza ndoo ijae vizuri. "Tiketi nimewashia mkaa."

Nikamuuliza kwa nini basi aliichukua.

Alisogeza minyaa iliyokuwa imelalia mtaro tulioufukia, akaukanyaga udongo kidogo kwa kisigino. "Mimi asubuhi nikifungua mlango," akasema, "Bibi yako akiwa Dar, atakayenitukana ni nani?"

Kutoka jikoni sauti ya Bibi ikaja, ya mtu aliyelala vizuri. "Nani huyo kwenye koki yangu? Kama ni yule Mgogo, mwambie hayo maji si ya baba yake."

Mama Nyemo akafunga koki, akachukua upindo wa kanga akajifuta macho, akaniambia nimsaidie kujitwika.